Kaka hakohoi, wanasema ana TB ya utumbo

Shikamoo Sista.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi ya wanaume, nasubiri saa kumi ifike watufungulie. Mimi ni mtu wa Kilosa, nina miaka 29. Mgonjwa ni kaka yangu, mtoto wa kwanza kwetu, ana miaka 36. Anaendesha bodaboda, ana mke na watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu.

Ilianza mwezi wa tano. Tumbo lilikuwa linamnyonga upande wa kulia, huku chini karibu na nyonga, kisha linaachia. Likinyonga tulikuwa tunalisikia kabisa linanguruma, kama maji yanayoshuka kwenye bomba. Zahanati wakampa dawa za taifodi. Wiki mbili baadaye wakampa tena zile zile. Duka la dawa wakasema ni vidonda vya tumbo, akanywa ile dawa nyeupe ya kutikisa, chupa tatu. Mara anaharisha, mara siku nne hapati choo. Usiku anatoka jasho mpaka shuka tunaikamua. Shemeji amepunguza kiuno cha suruali zake mara mbili. Alikuwa na kilo 66. Siku anayolazwa mizani ilisoma 44.

Hapa walimfanyia ultrasaundi, wakamfanyia CT, wakamwingiza kamera kwa njia ya haja kubwa na kukata kinyama. Majibu yakaja: TB ya utumbo, na utumbo umebana sehemu moja lakini haujaziba kabisa. Wamemwanzishia vidonge, anameza vitatu kila asubuhi, leo siku ya tisa. Sista, huyu mtu hakohoi! X-ray ya kifua ni safi. Makohozi yamepimwa hayana kitu. Shangazi anasema wanabahatisha. Baba mdogo ameshatafuta gari, anataka tusaini tumtoe, tumpeleke kwa mtaalamu mmoja aliyeambiwa habari zake.

Kilichomtia hofu baba mdogo ni vifo. Kitanda cha kushoto alikuwepo mzee aliyeletwa tumbo limetoboka, wakampasua usiku, kesho yake jioni akafariki. Kitanda cha pili kijana wa miaka kama 25, tulizoea kumpa uji. Jumatatu tulikuta godoro limekunjwa. Wote tuliambiwa walikuwa na ugonjwa huu huu. Kaka aliona yote. Tangu siku hiyo anaangalia ukuta tu.

Sasa la mwisho, ambalo sijamwambia mtu. Juzi alinishika mkono akaniapisha. Anaishi na virusi tangu miaka mitano iliyopita. Alikuwa anatumia dawa, akaacha mwezi wa kwanza alipohama kijiwe. Mkewe hajui. Hapa wodini walipotaka kumpima alikataa, akasema alishapima mwezi uliopita na yuko salama. Ananiambia kuna kopo la dawa zake limefichwa kwenye sanduku la spana nyumbani, nimletee kwa siri awe anameza usiku. Nimelileta. Lipo kwenye mkoba wangu hapa nilipo.

Nimpe? Na je, kati ya watu wenye ugonjwa huu, nani anakufa na nani anatoka? Nikijua hilo nitajua la kumwambia baba mdogo.

Dada, Kilosa


Marahaba mwanangu.

Usimpe. Nimeanza na hilo kwa sababu saa kumi inaweza kukukuta hujafika chini ya barua hii. Sababu zake nitakueleza mbele kidogo.

Kwanza tumalize habari ya kukohoa, maana ndiyo inayowapa nguvu shangazi na baba mdogo. Jina la kifua kikuu limetuponza. Mdudu huyu makao yake anayoyapenda ni mapafu, lakini anaingia kwenye mifupa, tezi, ubongo, figo, na tumboni. Utumboni hufika kwa njia kadhaa: mtu mwenye TB ya mapafu anameza makohozi yake mwenyewe, au mdudu anasafiri na damu, au anapenya kutoka kwenye tezi za jirani. Ipo na njia ya maziwa mabichi, kwa TB ya ng'ombe, na kwenu Kilosa wafugaji si wachache, kwa hiyo muulize kaka kama huko vijiweni alikuwa anakunywa maziwa yasiyochemshwa. Huko utumboni, mahali mdudu anapopenda kukaa ni pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, upande wa kulia chini. Chakula hukaa hapo muda mrefu kabla ya kupita, na ukuta wake umejaa vitezi vya kinga ambavyo mdudu huyu anavipenda. Soma tena barua yako uone kaka yako alikuwa anashika wapi.

Wagonjwa wengi wa TB ya utumbo x-ray zao za kifua ni safi. Wenye TB inayoonekana mapafuni wakati huo huo ni chini ya nusu. Kwa hiyo makohozi safi hayakanushi kilichopatikana tumboni. Na huo mngurumo mliokuwa mnausikia ni utumbo unaosukuma chakula kupita mahali palipobana. Nimekaa kliniki ya TB miaka mingi na sauti hiyo naijua.

Shangazi umwambie hivi: waliobahatisha ni waliompa dawa za taifodi mara mbili bila kujiuliza kilo zinaenda wapi. Hawa wa sasa wameingiza kamera, wamekata kinyama, wamekipeleka maabara. Siwalaumu sana wale wa mwanzo, kwa sababu ugonjwa huu unajifananisha na kila kitu: taifodi, amiba, kidole tumbo, saratani, na ule ugonjwa wa utumbo uitwao Crohn ambao hata mabingwa unawachanganya. Hata GeneXpert, mashine ya kumsaka mdudu wa TB, ikiwekewa kinyama cha utumbo inaweza kusema hakuna wakati mdudu yupo, kwa sababu huku wadudu ni wachache kuliko kwenye makohozi. Ila mtu anayepoteza kilo 22 huku akitoa jasho usiku hapewi dawa nyeupe ya kutikisa. Chupa tatu!

Sasa swali lako kubwa. Nani anakufa?

Niseme wazi kwamba TB ya utumbo iliyogunduliwa mapema inapona kwa vidonge, miezi sita, na kwenye vituo vyetu vya serikali dawa ni bure. Miezi miwili ya mwanzo ni dawa nne ndani ya kidonge kimoja, kisha miezi minne dawa mbili. Wagonjwa wa zamani walichomwa sindano za streptomaisini mpaka makalio yakawa magumu, na dozi ilivuka mwaka. Wanaofia wodini mara nyingi wamefika na mzigo mwingine juu ya TB.

Mzigo wa kwanza ni kuchelewa. Mzee wa kitanda cha kushoto alifika utumbo ukiwa umeshatoboka. Hapo uchafu unamwagika tumboni, sumu inaingia kwenye damu, na mtu anapasuliwa usiku akiwa hana damu ya kutosha, hana protini, pengine na figo zimeanza kugoma. Umri nao unahesabika. Vidonge vya TB vinafanya kazi kwa wiki na miezi, mwili wake ulikuwa na saa. Alichokosa mzee ni mtu wa kumleta mwezi mmoja kabla, na hilo ndilo unaloweza kumwambia baba mdogo anapohesabu vifo, kwa sababu yeye anataka kumchukua mtu aliyefika kabla ya kutoboka akamcheleweshe upya.

Mzigo wa pili ni njaa ya mwili. Utasikia madaktari wakitaja albumini, ni protini ya kwenye damu. Ikishuka sana, na miguu ikavimba, na damu ikawa ndogo, mgonjwa anakuwa kama nyumba iliyoliwa na mchwa, upepo mdogo tu unatosha. Mzigo mwingine ni TB kusambaa, hasa ikigusa ubongo. Kuna TB sugu, isiyosikia dawa za kawaida. Kuna ini lililochoka kwa pombe, kuna kisukari. Na kuna virusi vya UKIMWI visivyotibiwa, ambavyo kati ya vyote ndivyo nimeviona vikizika watu wengi.

Utafiti mmoja wa hospitali 10 za Afrika Kusini, Zambia, Zimbabwe na hapa kwetu Tanzania, uliochapishwa 2016, uliangalia watu wenye VVU waliolazwa wakidhaniwa wana TB. Waliopimwa pia kwa kipimo cha kutafuta TB kwenye mkojo kiitwacho LAM, kinachotoa jibu kwa dakika 25, ndani ya wiki 8 walifariki 21 kati ya kila 100. Ambao hawakupimwa mkojo walifariki 25. Wanne wameokolewa katika kila mia kwa kikombe cha mkojo. Lakini kipimo hicho anaandikiwa mtu ambaye daktari anajua ana virusi. Na hata hao waliopimwa, mmoja kati ya watano hakutoka. Ndiyo maana siwezi kukuambia kaka yako yuko salama. Ana kilo 44, ana virusi, ameacha dawa miezi kadhaa, na madaktari wake wanamtibu kama mtu asiye na virusi. Hizo kilo wanaziona. Virusi amewaficha.

Kwa nini basi usimpe kopo, wakati dawa ni zake? Moja ya dawa za TB anazomeza, rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa kama soda ya chungwa, inalichochea ini livunje dawa nyingine haraka. Ikiwa kwenye kopo lake kuna dolutegravir, na wengi siku hizi wanatumia hiyo, kidonge kimoja cha usiku hakitoshi. Inatakiwa miligramu 50 mara mbili kwa siku, saa 12 katikati, mpaka TB imalizike. Akimeza kimoja kwa siri anawafundisha virusi kuizoea dawa. Sijui na kopo lenyewe limekaa muda gani kwenye joto la sanduku la spana.

La pili ni wakati. Kwa kawaida dawa za VVU zinaanzishwa ndani ya wiki mbili baada ya kuanza za TB, lakini kwanza daktari ahakikishe TB haijafika kwenye utando wa ubongo, na aangalie kama hana fangasi kwenye utando huo, kwa sababu hapo husubiri wiki kadhaa. Muulize kaka kama kichwa kinamuuma au shingo inakaza. Kinga iliyolala ikiamshwa ghafla inawavamia wadudu kwa fujo, homa inarudi, na utumbo uliobana unaweza kuvimba ukaziba kabisa. Daktari anayejua atalitegemea hilo na atajua la kufanya. Asiyejua atadhani dawa za TB zimeshindwa, au atampeleka kupasuliwa.

Kiapo nimekielewa. Nimeombwa viapo vya namna hiyo mara nyingi, na wagonjwa walioniapisha wengi walikuwa wanaogopa mke kuliko kifo. Usiende kwa daktari nyuma ya mgongo wake. Wewe nenda leo ukae upande ule wa ukuta anaoutazama. Mwambie, "Kaka, kopo ninalo, sikupi, na sababu ni hii," umweleze niliyokueleza kuhusu rifampisini. Mwambie kijana wa kitanda cha pili hatujui alikuwa anaficha nini, lakini yeye tunajua. Kisha umwombe aseme mwenyewe, kwa nesi yeyote anayemwamini, siyo lazima iwe wakati madaktari wanapita na wanafunzi kumi nyuma yao. Aseme tu, "Nilikuwa natumia dawa, niliacha mwezi wa kwanza." Sentensi moja. Namba yake ya kliniki itatafutwa, watapima CD4, yaani askari wa kinga ya mwili, na wingi wa virusi, na dozi itapangwa. Hatakuwa wa kwanza. Nesi wa wodi hiyo ameisikia sentensi hiyo wiki hii hii.

Siri yake inalindwa na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008. Baba mdogo hataambiwa na mtu, na shangazi hataambiwa. Ila sheria hiyo hiyo inamtaka aliyejijua amwambie mwenzi wake, na hapa siwezi kumlainishia. Shemeji yako anastahili kupima, na watoto wapimwe. Si lazima leo akiwa hana nguvu ya kukaa. Wodini au kliniki wapo washauri wanaokaa na wanandoa, waombe wamsaidie kulisema. Huyo mdogo wa miaka mitatu anatakiwa pia aonwe kwenye kliniki ya TB, maana ana umri wa kupewa dawa za kinga ikionekana hana ugonjwa. TB ya utumbo peke yake haiambukizi kwa kukaa pamoja wala kula pamoja, lakini hatutaki kubahatisha na mtoto.

Kuhusu kula, naona uji umeutaja, na nawajua ndugu wa Kitanzania: mgonjwa akikonda wanamjia na hotpoti ya ugali na nyama. Utumbo wake umebana. Apewe vitu laini, kidogo kidogo mara nyingi: uji wa lishe uliochujwa, mtori, viazi vilivyopondwa, yai, samaki aliyechambuliwa, maziwa yaliyochemshwa mpaka yakapanda. Maembe yenye nyuzi, mahindi ya kuchoma, mabua ya mchicha, maganda ya maharage, hivyo vyote vinakwama pale pale. Na mtu aliyekaa na njaa miezi asishindiliwe siku ya kwanza, chumvi za kwenye damu zinaweza kushuka ghafla na moyo ukayumba. Muulize mtu wa lishe wa hospitali kiasi.

Uzito ndio nataka uushikilie. India, katika jimbo la Jharkhand, kuna utafiti wa 2023 wa wagonjwa wa TB ya mapafu waliopewa chakula pamoja na dawa. Walioongezeka asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi miwili ya mwanzo hatari yao ya kufa ilikuwa chini kwa asilimia 61. Kwa kaka yako asilimia 5 ni kilo 2 na gramu 200. Chukua daftari, muombe nesi ampime kila Jumatatu asubuhi kabla ya kunywa chai, uandike. Mimi kliniki nilikuwa naandika kwa penseli pembeni ya kadi, na mgonjwa aliyeongeza nusu kilo nilikuwa namwonyesha mwenyewe aone. Huyo mtu anayetazama ukuta anahitaji namba inayopanda.

Kuna mambo ya kumwita nesi hapo hapo bila kusubiri saa ya kuona wagonjwa: tumbo likiwa gumu kama ubao, akitapika kijani, akikaa siku nzima bila choo wala upepo, macho yakiwa ya njano, akiona rangi kwa shida, mguu mmoja ukivimba, au akianza kuongea maneno yasiyoeleweka. Akitapika vidonge vya asubuhi, mseme, msimwongezee vingine wenyewe. Na mkumbuke kidonda cha utumbo kinapopona kinajivuta kama ngozi iliyoungua, kwa hiyo utumbo unaweza kubana zaidi katikati ya dozi wakati ugonjwa wenyewe unaondoka. Wengine huhitaji upasuaji mdogo uliopangwa, mchana, damu ikiwa imeshapanda. Usije ukasikia neno upasuaji ukamkumbuka mzee wa kitanda cha kushoto.

Baba mdogo usigombane naye barazani. Mpe kazi. Huyo anayeweza kupata gari kwa siku moja ndiye wa kutafuta mtu wa kuchangia damu, na mayai ya kienyeji. Kama bado anataka kusaini, mwambie aende yeye mwenyewe amwombe daktari amwonyeshe picha ya CT, pale palipobana. Wanaume wa umri wake wanaamini picha.

Kopo lipeleke kwa nesi mkiwa wawili, wewe na kaka, akishasema. Usilitupe, lebo yake ina jina la kliniki na tarehe ya mwisho aliyochukua dawa, watalihitaji.